Siu, Mji wa Kalamu

Wazitajao habari za visiwa vya Lamu hutaja kwanza Lamu yenyewe, kisha Pate, na kwa nadra sana Siu. Hata hao waikumbukao Siu aghalabu huikumbuka kwa vita: jinsi Bwana Mataka na watu wake walivyoyarudisha nyuma majeshi ya Sayyid Said katika miaka ya 1840, na jinsi mji ulivyoshindwa hatimaye katika miaka ya 1860, zama za Sayyid Majid. Habari hizo ni za kweli, lakini sizo zilizoupa mji thamani yake.

Siu iko kaskazini mwa kisiwa cha Pate, kando ya hori ambalo maji yakipwa halipitiki kwa chombo. Haikuwa bandari ya kushindana na Lamu. Sifa yake ilitokana na kazi za mikono: wachongaji wa mbao, mafundi wa ngozi na, zaidi ya wote, waandishi. Misahafu ya Siu ya karne ya 18 na ya 19 yajulikana kwa nakshi zake za nyekundu, nyeusi na manjano. Mmoja umehifadhiwa katika makumbusho ya Fowler, Los Angeles. Kazi kama hiyo hutaka karatasi, wino, mwalimu wa kufundisha hati na mtu wa kuilipia, na vyote hivyo vilipatikana katika mji mdogo.

Katika mji huo ndimo alimoolewa Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate. Mumewe, Bwana Mataka, alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858, naye mwenyewe akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa beti zipatazo 102. Wasomaji hukimbilia mafundisho yake juu ya mume na nyumba, wakabishana kama ni utiifu mtupu au ni werevu uliofichwa. Ubishi huo una maana, ila umewafanya wengi kuupita upesi mwanzo wa utendi, ambapo mama amwita binti akae karibu naye, na wino na karatasi. Haitwi mwandishi kutoka nje. Vifaa vimo nyumbani, na binti atazamiwa kujua matumizi yake. Dalili hiyo ni ndogo, lakini yatosha kuitia shaka dhana kwamba kalamu ilikuwa ya wanaume peke yao.

Lugha nayo yataka uangalifu. Watu wa kaskazini husema nti kwa nchi, muyi kwa mji, mato kwa macho. Baadhi ya wahariri huyageuza maneno hayo yalingane na Kiswahili sanifu, kwa nia njema bila shaka. Lakini katika utendi vipande vitatu vya kwanza vya kila ubeti hushiriki kina kimoja. Mato yakifanywa macho mwishoni mwa kipande, kina hukatika, na msomaji humdhania mtungaji kuwa ndiye aliyekosea.