Kiendeshi na Kiendeshaji

Mtu aliyejiundia kompyuta nyumbani aweza kununua kadi ya pasiwaya, yaani kipande kinachopeleka na kupokea data kwa mawimbi ya redio, kutoka kwa mtengenezaji asiye yule wa ubao mkuu. Akaipachika, akawasha mashine, asione mtandao wowote. Je, kadi ni mbovu? Si lazima.

Tuchukue mfano wa kadi ya Intel AX200, iliyotoka mwaka 2019, katika kompyuta inayotumia Linux. Amri ya lspci huorodhesha vifaa vilivyopachikwa. Kadi ikionekana humo, yafaa programu zichunguzwe kwanza. Nazo ni mbili: iwlwifi, inayouwezesha mfumo kuitumia kadi, na faili inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Isitoshe, Linux ya kabla ya toleo la 5.1 haikuwa na msaada kwa kadi hii.

Hapa ndipo uteuzi wa istilahi unapohitaji uangalifu. Neno "kiendeshi" limezoeleka kwa chombo kinachosoma diski. Mfasiri akiiita iwlwifi "kiendeshi" vilevile, msomaji atashika bisibisi na kufungua kasha, akitafuta kifaa kisichokuwapo.

Kwa hiyo twapendekeza "kiendeshi" libakie kwa chombo, na "kiendeshaji" litumike kwa programu. Ile faili ya pili yaweza kuitwa "programu ya ndani ya kifaa". Maneno hayo yakitenganishwa, maelekezo yatamfikisha msomaji mahali penye kasoro.