Sarkoidosisi kwa watoto: ugonjwa unaofanana na kifua kikuu

Mtoto anapokohoa kwa wiki kadhaa, akakonda na tezi zake zikavimba, wengi hufikiria kifua kikuu (TB). Ni sawa kuanzia hapo. Lakini upo ugonjwa mwingine unaofanana nacho, ingawa ni nadra kwa watoto. Unaitwa sarkoidosisi.

Ni ugonjwa gani?

Seli za kinga ya mwili hujikusanya na kufanya vinundu vidogo kwenye mapafu, tezi, macho, ngozi, viungo au ini. Chanzo chake hakijafahamika vizuri. Si uchawi, na hauambukizi. Usimtenge mtoto, anaweza kula na kucheza na wenzake.

Dalili zake ni zipi?

Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, angalia vipele, kuvimba viungo kama magoti na vifundo vya mikono, na macho mekundu. Anaweza asikohoe kabisa.

Kwa mtoto mkubwa, dalili ni kikohozi kikavu, kuishiwa pumzi, homa, uchovu na kupungua uzito.

Macho yanahitaji uangalizi wa pekee. Uvimbe ndani ya jicho unaweza kuendelea bila maumivu na kuleta upofu.

Unatambuliwaje?

Eksirei peke yake haitoshi, kwa sababu picha yake inaweza kufanana na ya TB. Daktari hupima TB kwanza, kisha anaweza kuchukua kipande kidogo cha ngozi au tezi kwa uchunguzi. Utaratibu huu una sababu: prednisoloni, dawa inayotumika sana kutibu sarkoidosisi, hupunguza kinga ya mwili. Mtoto mwenye TB ambayo haijatibiwa akipewa dawa hiyo, TB inaweza kusambaa.

Mzazi au mlezi, ufanye nini?

- Kama mtoto anatumia dawa za TB, usizikatishe mwenyewe. Asipopata nafuu, mrudishe kituo cha afya na uulize kuhusu rufaa.
- Omba macho yake yapimwe, hata kama hayamuumi.
- Usinunue prednisoloni dukani bila kuandikiwa, wala usiikatishe ghafla.
- Tunza daftari lake la matibabu, na ulibebe mkihamia mahali pengine.

Watoto wengi hupata nafuu wakitibiwa mapema na kufuatiliwa. Uwe mkimbizi au mwenyeji, usisubiri mpaka mtoto ashindwe kuona ndipo umpeleke.