Umeshalipia mafunzo ya fundi wako: yafuate

Chukua gereji ya Dar es Salaam yenye mafundi 12, kila mmoja akilipwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 kilichoanza mwaka 2023, mwenye gereji anapeleka TRA, mamlaka ya mapato, shilingi 168,000 kila mwezi kama tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL. Kwa mwaka inapita milioni 2, na yote inatoka mfukoni mwake, maana haikatwi kwenye mshahara wa fundi. Mwenye wafanyakazi chini ya 10 haimhusu.

Mwenzake wa Nairobi analipa tozo ya mafunzo ya shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kwa watu 12 ni 7,200 kwa mwaka. Akiwa amelipa bila deni, na mafunzo yakiwa yameidhinishwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya Kenya, kabla hayajaanza, anaweza kuomba arudishiwe sehemu ya gharama. Akipeleka watu kwanza na kuomba kibali baadaye, amechelewa.

Tanzania Bara tozo hairudi kwa mwajiri kwa njia hiyo. Sehemu yake inakwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na hapo ndipo pa kuifuata. Ada ya mwaka ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA imekuwa 60,000 kwa kutwa na 120,000 kwa bweni. Ni nafuu kweli, lakini ada ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Fundi akikaa darasani mwaka mzima, ama unamlipa milioni 4.8 bila kazi, ama familia yake inakosa kipato. Ongeza nauli, sare na vifaa.

Kwa hiyo fundi aliyeshika spana miaka kumi nisingempeleka kozi ndefu hata kidogo. Anachohitaji ni urasimishaji wa ujuzi: anapimwa kwa kazi anayoijua, anafundishwa pale alipopungukiwa, anapewa cheti. Kupitia programu ya kukuza ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, serikali imekuwa ikibeba gharama hizo. Inasikitisha kuona mafundi hodari wakikosa zabuni kwa kukosa karatasi ambayo wangeweza kuipata bila kuacha kazi.

Kijana asiyejua kitu ni habari nyingine. Kwake uanagenzi, wa kugawa muda kati ya chuo na karakana, unashinda darasa tupu, mradi mwajiri akubali kumtenga fundi mmoja wa kumfundisha. Ukimwita mwanagenzi halafu ukampa kazi ya kuosha magari, umemwibia.

Kozi fupi inafaa pale palipo na pengo moja, tuseme kusoma hitilafu za gari kwa kompyuta. Bei zake hutofautiana kati ya chuo na chuo, basi uliza mambo matatu kabla ya kulipa: kama kuna masomo ya jioni, kama vifaa vya mazoezi vimo ndani ya ada, na cheti kinatolewa na nani.