Uwaraza wa ujanani machimboni Rwamgasa: dawa ipo, inataka subira

Vijana wengi wa machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa, Geita, huvaa kapelo hata jua likishazama, na si wote wanaoivaa kwa ajili ya fasheni. Kijana wa miaka 23 anayeona nywele za kona za paji la uso zinarudi nyuma hutafuta wa kumlaumu, na machimboni wa kulaumiwa hawakosekani: helmeti ya duarani, yaani shimoni, vumbi la karasha la kusagia mawe, maji ya mwaloni, zebaki ya kukamatia dhahabu.

Zebaki ina makosa mengi, ila hili si lake. Watafiti wa mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa, waliofika Rwamgasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliwachukua wachimbaji sampuli za damu, mkojo na nywele. Nywele zilitakiwa kwa sababu zebaki hujificha ndani ya unywele unapoota, kiasi cha sentimeta moja kwa mwezi. Uharibifu wake mkubwa uko kwenye mishipa ya fahamu na figo: mikono kutetemeka, usingizi kukimbia, kumbukumbu kupotea. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na anayeichoma karibu na watoto ana kila sababu ya kuacha leo. Lakini haichongi kona mbili za paji. Helmeti nayo haichongi.

Kisa chenyewe ni urithi na homoni. Mwaka 1942 James Hamilton, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alichapisha alichokiona kwa wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe: hawakupata upara. Walipopewa testosteroni, wale wenye ukoo wa vipara wakaanza kupukutika. Sasa inajulikana kwamba mwili hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa homoni kali zaidi, DHT, nayo hukondesha mashina ya nywele kwa aliyerithi hali hiyo upande wa baba au wa mama. Kila unywele mpya huota mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, mpaka yanabaki malaika tu.

Lakini si kila upotevu wa nywele ni wa kurithi, ndiyo maana nasisitiza kichwa kiangaliwe kwanza. Uwaraza wa kurithi huja polepole, kwa mpangilio. Mabaka ya mviringo yenye magamba na muwasho yanaweza kuwa mapunye, yanayohitaji vidonge, si mafuta ya kupaka pekee. Nywele zinazonyofoka vipande vipande huku na huko zinaweza kuwa dalili ya kaswende, na machimboni, ambako watu huja na kuondoka kila kukicha, hilo si la kupuuza. Kipimo chake ni cha damu, dawa yake ni sindano ya penisilini. Inauma kumwona mtu akimaliza mwaka anapaka kichwani kitu kisichohusiana kabisa na ugonjwa alionao.

Kwa kinyozi njia ni fupi. "Kaka, nikuvutie mbele kidogo?" Mashine inachonga kona, kisha piko linapakwa kwa brashi ndogo hadi juu ya ngozi tupu, ili mstari wa mbele uonekane umesimama. Baada ya siku chache linapauka. Rangi nyeusi nyingi za namna hiyo zina kemikali iitwayo PPD, ambayo kwa baadhi ya watu huvimbisha paji na kope.

Dawa kuu zenye ushahidi wa kutosha ni mbili. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakaanza kuota nywele mwilini, na mwaka 1988 Marekani ikairuhusu kupakwa kichwani na wanaume wenye upara. Ya asilimia 5 hupakwa mara mbili kwa siku. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kupukutika zaidi, na hapo ndipo wengi huitupa, wakati matokeo huhitaji miezi minne hivi au zaidi. Tena hufanya kazi vizuri utosini kuliko kwenye kona. Finasteridi, kidonge cha miligramu 1 kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1997, huzuia DHT kutengenezwa. Hiki kisinunuliwe bila daktari. Wanaume wachache hupungukiwa hamu au nguvu za kiume, na Mei 2025 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara yake. Mke mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika, kwani kinaweza kuathiri maumbile ya mtoto wa kiume aliye tumboni. Kwa sababu hiyo hiyo, anayekitumia asichangie damu.

Zote mbili zinadai kitu ambacho maisha ya duarani hayajazoea: kidogo kidogo, bila kukoma. Ukiacha, ndani ya miezi kadhaa nywele ulizookoa zinaondoka. Pesa ya dhahabu huja kwa mkupuo. Miezi mitupu, halafu duara likitema, mfuko unajaa kwa wiki. Anayeuza chupa ya "nywele zote kwa siku 30" anaijua wiki hiyo, na hasira yangu yote iko kwake. Kijana anayetaka kuanza aulize bei ya mwaka mzima, si ya chupa moja. Kama haiwezekani, asianze.

Wenye mkupuo mkubwa huwaza Istanbul, kupandikizwa nywele za kisogoni. Nywele zetu za kipilipili zina shina lililojipinda chini ya ngozi, na daktari asiyezizoea hulikata akiling'oa. Mwenye ngozi inayoota makovu ya kuvimba ana hatari zaidi. Na akipandikizwa mapema mno, nywele za asili zilizo nyuma yake zitaendelea kupukutika, zikiyaacha mapandikizi peke yake mbele.

Ushauri wa kweli uko hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako tangu Juni 2025 unafika kwa daraja la Kigongo–Busisi bila kungoja kivuko, au kwa mabingwa wa ngozi wa hospitali ya KCMC, Moshi. Na anayeamua kunyoa upara hajashindwa. Unamfaa, na gharama yake ni ndogo. Amwambie tu kinyozi asafishe mashine kwa spiriti na asikwangue kisogo hadi kwenye ngozi, maana vile vipele vinavyoganda kisogoni ni vigumu kuvitibu.