Kuchagua GPS ya mkononi: mnunuzi wa shamba na kitalu atazame nini

Biashara ya mashamba ya miti wilayani Mufindi na Kilolo, mkoani Iringa, na ya vitalu vya dhahabu wilayani Chunya, mkoani Mbeya, inawavuta wawekezaji wengi wenye mitaji midogo. Wengi wao huonyeshwa eneo mara moja tu, tena na dalali, na mipaka hutajwa kwa mti, mfereji au kilima. Fedha zikishatoka ndipo swali huibuka: eneo lililoonyeshwa ndilo lililoandikwa kwenye karatasi?

Kifaa kidogo cha GPS kinaweza kujibu swali hilo kabla ya malipo, mradi kiwe kimechaguliwa na kupangwa vizuri. Kikipangwa vibaya humpa mnunuzi imani isiyo na msingi, na hasara yake huwa kubwa kuliko ya asiye na kifaa.

KAZI NDIYO INAYOCHAGUA KIFAA

Vifaa vya aina hii vinatengenezwa kwa wateja tofauti. Rubani wa ndege isiyo na injini anahitaji kioo kikubwa kinachosomeka juani, ramani za anga na kipimo cha mwinuko. Nahodha anahitaji ramani za bahari. Mnunuzi wa shamba hana haja ya kulipia mambo hayo. Anahitaji mambo manne: kuweka alama za pembe za eneo, kuhesabu ukubwa wa eneo baada ya kulizunguka, kubadili datamu, na betri inayodumu siku nzima.

Kwa upande wa betri, vifaa vinavyotumia betri za kawaida za AA vina faida vijijini, kwa sababu betri hizo hupatikana hata kwenye duka dogo. Garmin eTrex 10, iliyotoka mwaka 2011, hutumia betri mbili za aina hiyo na kwa maelezo ya kiwanda hudumu saa 25. Haina dira yake yenyewe, hivyo huonyesha mwelekeo pale tu mtumiaji anapotembea. Mifano kama eTrex 30 na 32x ina dira ya ndani, na huonyesha mwelekeo hata mtu akiwa amesimama. Kwa Mufindi, penye ukungu, mvua na baridi kali katikati ya mwaka, kifaa kisichoingiza maji ni cha lazima, na betri za akiba zibebwe mfukoni zisipoe.

Simu ya kisasa nayo ina GPS. Mahali peupe hukosea kwa mita 5 hivi, na inafanya kazi bila mtandao iwapo ramani imehifadhiwa mapema. Kwa ukaguzi wa kwanza inatosha. Udhaifu wake ni betri, kioo kinachovunjika, na programu nyingi kutomruhusu mtumiaji kuchagua datamu.

DATAMU: HAPA NDIPO FEDHA HUPOTEA

Datamu ni msingi ambao namba za mahali huhesabiwa kutoka kwake. Setilaiti za GPS hutumia msingi uitwao WGS84. Ramani za serikali za zamani za Tanzania, zikiwemo zile za kipimo cha 1:50,000, zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960. Namba zilezile zikisomwa kwa misingi hii miwili huangukia sehemu mbili tofauti ardhini, na katika nyanda hizi tofauti ni kati ya mita 200 na 300 hivi. Mwenye namba za Arc 1960 akiziingiza kwenye kifaa kilichopangwa WGS84 hupelekwa kaskazini mwa mahali halisi.

Hesabu yake ni rahisi. Leseni ya uchimbaji mdogo wa dhahabu, maarufu kama PML, haizidi hekta 10. Eneo hilo likiwa mraba, kila upande ni mita 316. Kosa la mita 200 au zaidi maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya eneo ambalo mnunuzi anasimama juu yake akipiga hesabu ya maduara iko kwenye kitalu cha jirani. Anaweza kununua mashine na kulipa vibarua wachimbe mahali asipokuwa na haki nalo.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda Chunya, mnunuzi asome kwenye karatasi yenyewe datamu iliyotumika, kisha apange kifaa vivyo hivyo. Garmin nyingi zina Arc 1960 kwenye orodha yake. Kifaa kisichokuwa nayo kisinunuliwe kwa kazi hii.

Jambo la pili ni kanda ya UTM kwa wanaotumia namba za mita. Mbeya, Chunya na Mufindi ziko kanda ya 36. Mstari wa nyuzi 36 mashariki unapita mashariki mwa mji wa Iringa, ndani ya Wilaya ya Kilolo, na ng'ambo yake ni kanda ya 37. Mwenye mashamba pande zote mbili aandike kanda pamoja na namba kila mara.

EKARI MOJA NA EKARI HAMSINI

Ekari ni mita za mraba 4,047, yaani takriban mita 64 kwa 64. Wauzaji wengi huhesabu 70 kwa 70. Zikiwa hatua, ukubwa hutegemea miguu ya anayepima; zikiwa mita kamili, eneo ni 4,900, yaani ekari moja na robo kasoro kidogo. Mnunuzi aulize ni ipi kabla ya kupatana bei.

GPS ya mkononi haifai kupimia ekari moja. Kosa la mita 5 kwenye upande mmja wa mita 64 ni karibu asilimia 8 ya eneo. Hapo futi ya kamba ni bora. Kwenye ekari 50, ambako upande ni mita 450 hivi, kosa hilohilo ni asilimia 1 tu. Chini ya misindano au milingoti iliyokomaa kosa huongezeka, kwa kuwa matawi huzuia mawimbi. Inafaa kusimama dakika chache kila pembe, na kuzunguka shamba mara mbili.

VIFAA VILIVYOTUMIKA

Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikipunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Zuio hilo liliondolewa, na hata kifaa cha miaka ya 1990 kilinufaika. Hata hivyo vifaa vya zamani vina tatizo la kalenda: hesabu ya wiki ya GPS ilianza upya Agosti 1999 na tena Aprili 2019, na baadhi yake huonyesha tarehe isiyo sahihi au huchelewa mno kupata setilaiti. Mnunuzi akiwashe nje dukani, asubiri kipate mahali, kisha atazame tarehe.

MPAKA WA KAZI YAKE

Kifaa cha mkononi hakitoi hati. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na bikoni huwekwa na mpimaji mwenye leseni. Taarifa za PML huthibitishwa Tume ya Madini. Faida ya GPS ni kumwezesha mnunuzi kwenda kwenye ofisi hizo akiwa na namba zake mwenyewe, zenye datamu na kanda, na kuzilinganisha na zilizo kwenye jalada kabla ya kuweka saini.