Wakuu wa elimu, mvua haisubiri kengele

Mpenzi msomaji, ikiwa una mtoto shuleni, bila shaka wakumbuka muhula wa pili wa 2024. Sare zilikuwa tayari, karo imetafutwa kwa jasho, na shule zilitarajiwa kufunguliwa Aprili 29. Mafuriko yakakataa. Ufunguzi uliahirishwa kwa wiki moja, kisha ukaahirishwa tena, hadi Mei 13.

Kabla ya hapo, mvua ilikuwa imekosekana misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, hasa kaskazini mwa nchi. Wafugaji walihama kutafuta maji na malisho, na watoto wakaacha madawati.

Waama, mabadiliko ya tabianchi yameshabisha hodi shuleni. Je, wakuu wa elimu wameamka?

Si kwamba sheria haipo. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inataka suala hili lifunzwe katika viwango vyote vya elimu. Hata hivyo, karatasi haizuii maji kuingia darasani. Wizara ya Elimu haina budi kulipa jambo hili fedha na uzito sawa na mitihani.

Waanze na paa. Darasa lenye paa la mita mraba 100 likinyeshewa milimita 10 tu za mvua, hupokea lita 1,000 za maji. Bila mfereji na tangi, maji hayo hugeuka tope uwanjani. Yakihifadhiwa, watoto watayanywa kiangazi. Na hiyo ni hesabu tosha ya kufunzia darasani!

Waende jikoni. Shule nyingi za malazi bado hupika kwa kuni. Mwanafunzi ataaminije wito wa kutunza misitu ilhali githeri yake inaiva kwa magogo? Serikali izisaidie shule kupata gesi au meko yanayotumia kuni chache.

Kisha wafike bustanini. Mara ngapi umeona miche ikipandwa wageni wanapofika, nayo likizo ikaisha ikiwa imekauka? Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la Green Belt mnamo 1977, alijua dawa yake: akina mama walilipwa kifuta jasho kwa miche iliyoshika na kuota, si iliyochomekwa tu ardhini. Wakaguzi wa shule nao wahesabu miti iliyo hai.

Nawe mzazi, usibaki mtazamaji. Katika mkutano ujao wa wazazi, ukishauliza kuhusu alama, uliza pia maji ya mvua huelekea wapi, na nani humwagilia miche watoto wakifunga shule. Nawe mwanafunzi, mwulize mwalimu wako.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa shule, msomaji, hujengwa kwa pesa zako.