Sura ya Tano: Keino Alivyoupanga Ushindi

Ukiuliza mjini Eldoret kwa nini ukanda huu hutoa wakimbiaji wengi hivi, jibu la kwanza utakalopewa ni hewa. Mji uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iten, ng'ambo kidogo kaskazini mashariki, uko mita 2,400. Jibu hilo si la uongo. Lakini likiachwa peke yake linamnyang'anya Kipchoge Keino jasho lake, na linafuta kabisa jina la Ben Jipcho. Ndiyo maana sura hii inaanzia kwenye hewa kabla ya kufika kwenye uwanja.

Juu milimani hewa ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na Mombasa. Kinachopungua ni mgandamizo. Kila pumzi huingia na oksijeni pungufu, figo huhisi upungufu huo na kutoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu nyingi zaidi, na damu ya mkazi wa nyanda za juu huwa na uwezo mkubwa wa kubeba oksijeni. Akishuka pwani, uwezo huo hushuka naye kwa muda. Hiyo ndiyo faida, na ni faida ya kweli. Ila wanayo watu wengi. Jiji la Mexico lina mamilioni ya wakazi waliozaliwa kwenye mwinuko wa mita 2,240, na Olimpiki ya 1968 ilipofanyika nyumbani kwao, hakuna Mmexico aliyeondoka na dhahabu ya riadha.

Keino alizaliwa tarehe 17 Januari 1940 Kipsamo, katika nchi ya Wanandi. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na shangazi. Alijiunga na polisi, akacheza raga kabla ya kuingia riadha, na baadaye akawa mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi cha Kiganjo, karibu na Nyeri. Kazi ile ilimpa vitu viwili ambavyo kijana wa kijijini hakuwa navyo: mshahara, na ratiba ya siku iliyokuwa na nafasi ya kukimbia.

Mwanzo wake haukuwa wa kutisha. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Perth, mwaka 1962, alimaliza wa kumi na moja katika maili tatu. Tokyo, mwaka 1964, alikuwa wa tano katika mita 5,000, na katika mita 1,500 aliikosa fainali kwa kidogo tu. Kenya ilirudi kutoka Tokyo na medali moja, shaba ya Wilson Kiprugut katika mita 800, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi.

Kisha ukaja mwaka 1965. Tarehe 27 Agosti, Helsingborg nchini Uswidi, Keino aliishusha rekodi ya dunia ya mita 3,000 hadi dakika 7 sekunde 39.6. Aliipunguza kwa zaidi ya sekunde sita, kiasi ambacho wakimbiaji wa kizazi kizima huhangaika nacho. Tarehe 30 Novemba, Auckland, aliinyakua rekodi ya mita 5,000 kutoka kwa Ron Clarke wa Australia kwa dakika 13 sekunde 24.2. Kabla ya safari hizo, mwaka huo huo, alikuwa Brazzaville kwenye Michezo ya kwanza ya Afrika Nzima, akashinda mita 1,500 na mita 5,000. Mwaka uliofuata, Kingston nchini Jamaika, akachukua dhahabu za maili moja na maili tatu.

Helsingborg ni mji wa bandari, na Auckland pia. Miaka mitatu kabla ya ulimwengu kuanza kusema kwamba Mkenya huyu alibebwa na mwinuko wa Mexico, alikuwa amekwisha kuvunja rekodi mbili za dunia kando ya bahari.

Hata hivyo alikuwapo mtu mmoja aliyemsumbua. Jim Ryun wa Kansas alikuwa na miaka ishirini tu alipokutana na Keino Los Angeles mwezi Julai 1967. Ryun alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 sekunde 33.1, rekodi mpya ya dunia, na kumwacha Keino nyuma kwa sekunde nne. Silaha ya Ryun ilikuwa mzunguko wa mwisho. Alikaa katikati ya kundi, mtulivu, kisha zikibaki mita mia tatu alichomoka kwa kasi ambayo hakuna aliyeweza kuijibu. Mtu wa namna hiyo humshindi kwa kukaa naye bega kwa bega ukisubiri kengele. Unamshinda kwa kuhakikisha kwamba kengele ikilia miguu yake imeshachoka, au wewe uko mbali asikofika.

Ratiba ya Keino ya Mexico, ukiitazama leo, inaogofya. Tarehe 13 Oktoba fainali ya mita 10,000. Tarehe 15 mchujo wa mita 5,000, na fainali tarehe 17. Tarehe 18 mchujo wa mita 1,500, tarehe 19 nusu fainali, tarehe 20 fainali. Mbio sita katika siku nane, na mwilini alikuwa na maumivu makali ya kifuko cha nyongo.

Mbio za kwanza zilikwenda vibaya. Katika mita 10,000 alikuwa kwenye kundi la mbele, mpaka zilipobaki raundi mbili maumivu yakamkunja, akaanguka nje ya njia. Kwa kanuni, aliyetoka njiani amekwisha. Keino aliinuka, akarudi na kumaliza, ingawa matokeo yake hayakuhesabiwa. Naftali Temu, Mkenya mwenzake, ndiye aliyeshinda siku ile na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, kwa dakika 29 sekunde 27.4. Rekodi ya dunia ya Clarke ilikuwa 27:39.4. Pengo hilo la karibu dakika mbili linaonyesha hewa ile ilivyowafanya watu wa mbio ndefu. Clarke mwenyewe alimaliza wa sita na kuanguka, akahudumiwa kwa oksijeni. Wale wa mbio fupi na miruko walifurahia hewa nyepesi. Bob Beamon aliruka mita 8.90 kwenye michezo hiyo hiyo.

Siku nne baada ya kuanguka, Keino alipata fedha ya mita 5,000, akipitwa na Mohammed Gammoudi wa Tunisia kwa sehemu mbili za kumi za sekunde.

Daktari alikuwa amemshauri asikimbie tena. Siku ya fainali ya mita 1,500, gari lilikwama kwenye msongamano wa barabara za Mexico, na kwa kuwa saa zilikuwa zinakwenda, alishuka na kukimbia kwa miguu sehemu iliyobaki hadi uwanjani. Watu wa Eldoret hupenda kulisimulia tukio hili, na wana haki. Lakini utamu wake usituzuie kuona kilichofuata, kwa sababu kilichofuata hakikuwa muujiza.

Ryun na wenzake walikuwa wamepiga hesabu. Kwa mwinuko ule, walidhani muda wa dakika 3 sekunde 39 ungetosha kushinda. Hesabu yao ilikuwa sahihi kwa mbio za kawaida, zile zinazoanza polepole na kuishia kwa mchomoko. Wakenya hawakuwa na nia ya kukimbia mbio za kawaida. Bunduki ilipolia, Ben Jipcho, kijana kutoka Mlima Elgon, alikwenda mbele moja kwa moja na kuumaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56. Kwa hewa ile, huo ulikuwa mwendo wa mtu asiyekusudia kufika. Na kweli Jipcho hakukusudia kufika wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kuuvuta mwendo ili kundi lichague moja kati ya mabaya mawili: kumfuata na kuungua, au kumwacha aende na Keino nyuma yake.

Ryun aliacha. Kufika mita 800 saa ilisoma dakika 1 sekunde 55.3, Jipcho alikuwa akiishiwa, na Keino akachukua uongozi. Hakupunguza. Mita 1,200 alizipita kwa dakika 2 sekunde 53.4, na Ryun alikuwa mbali mno kuweza kuitumia ile silaha yake. Mchomoko alikuwa nao, kwani aliwapita wengine wote akachukua fedha kwa 3:37.8, muda bora kuliko ule aliodhani ungempa dhahabu. Keino alikuwa amevuka mstari mita ishirini mbele yake, kwa 3:34.9. Ilikuwa rekodi mpya ya Olimpiki, na hakuna aliyewahi kushinda fainali hiyo kwa pengo kubwa namna hiyo. Siku hiyo hiyo alizaliwa binti yake, akapewa jina Olympia miongoni mwa majina yake.

Jipcho alimaliza wa kumi. Miaka baadaye alimwomba Ryun radhi kwa kazi aliyoifanya siku ile. Ni uungwana wa hali ya juu, ila hapakuwa na deni. Hakumzuia mtu wala kumsukuma. Alikimbia kwa kasi, na kukimbia kwa kasi ndio mchezo wenyewe. Tunaposoma orodha ya medali tisa ambazo Kenya ilizipata Mexico, tujue kwamba mojawapo ilipatikana kwa pumzi za watu wawili.

Munich, mwaka 1972, ilizika hoja ya hewa mara moja na kwa wote. Mji huo uko mita 500 na kidogo tu. Fainali za mita 1,500 na mita 5,000 zilipangwa siku moja, tarehe 10 Septemba, kwa hiyo Keino aliyekuwa na miaka 32 akatafuta mbio nyingine za kuongeza kwenye mita 1,500. Alichagua mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mbio ambazo hakuwa na uzoefu nazo. Anayetazama picha za fainali ile huona wazi kwamba si fundi wa viunzi: hurukia juu kuliko inavyohitajika, na kila kiunzi kinamgharimu. Kati ya kiunzi na kiunzi, hata hivyo, palikuwa na ardhi tambarare, na kwenye tambarare alikuwa na miguu ya mtu wa mita 1,500. Alishinda kwa dakika 8 sekunde 23.6, rekodi ya Olimpiki. Wa pili alikuwa Jipcho. Siku sita baadaye Keino akapata fedha ya mita 1,500 nyuma ya Pekka Vasala wa Finland, safari hii yeye akiwa ndiye aliyepitwa na mchomoko wa mwisho.

Baada ya hapo Jipcho alipata zamu yake. Mwaka 1973, Helsinki, aliweka rekodi ya dunia ya viunzi na maji, dakika 8 sekunde 13.91. Januari na Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch, alishinda viunzi na maji na mita 5,000, akaongeza shaba ya mita 1,500. Ile ya mita 1,500 ndiyo inayotuhusu hapa. Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza kutoka bunduki hadi utepe bila mtu wa kumvutia mwendo, akashinda kwa 3:32.16 na kuifuta rekodi ya dunia ya Ryun. Alichokifanya Bayi peke yake ndicho Keino na Jipcho walichokifanya kwa kugawana miaka sita nyuma. Kwa maoni ya mwandishi, mbinu ya kumuua mchomokaji kwa mwendo wa mbele ni mchango wa Afrika Mashariki katika mbio za kati, na unastahili kufundishwa shuleni kama tunavyofundisha majina ya washindi.

Eldoret, ambayo Agosti 2024 ilipewa hadhi ya jiji, imeupa uwanja wake jina la Kipchoge Keino. Maisha yake baada ya mbio yamekuwa na kazi nyingi na dhoruba moja. Aliongoza Kamati ya Olimpiki ya Kenya kutoka 1999 hadi 2017, na alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kutoka 2000 hadi 2010. Mwaka 2018 alishtakiwa pamoja na maofisa wengine kuhusu fedha za michezo ya Rio. Upande wa mashtaka ukamwondolea kesi, naye akawekwa kuwa shahidi.

Kazi iliyodumu zaidi aliifanya pamoja na mkewe, Phyllis. Kwa miongo mingi waliwachukua watoto yatima na kuwalea katika shamba lao la Eldoret, watoto waliozidi mia. Yeye mwenyewe alikulia mikononi mwa shangazi, kwa hiyo alijua mtoto asiye na wazazi anahitaji nini na nini hatosahau. Shule ya msingi yenye jina lake ilifunguliwa mwaka 1999, na ya sekondari ikafuata mwaka 2009. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipoanzisha tuzo mpya na kuitoa kwa mara ya kwanza, usiku wa ufunguzi wa michezo ya Rio tarehe 5 Agosti 2016, ilimpa Keino, na ilimpa kwa ajili ya shule na watoto hao.

Jipcho alifariki Julai 2020, hapa hapa Eldoret. Rekodi ya Olimpiki waliyoitengeneza pamoja Mexico ilidumu hadi mwaka 1984, Sebastian Coe wa Uingereza alipoivunja Los Angeles.